Kiangazi Kizima Taizé: Mwongozo Kamili kwa Kijana Anayetaka Kwenda Kujitolea

Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwisho wa Agosti, kijiji kidogo cha Taizé, kusini mwa Burgundy nchini Ufaransa, penye jumuiya ya mabruda, yaani watawa wa kiume wa makanisa mbalimbali, hupokea vijana kwa maelfu. Wanafika Jumapili, wanakaa wiki moja, wanaondoka Jumapili inayofuata na wengine wanashika nafasi zao. Wanalala kwenye mahema na mabweni, wanasali mara tatu kwa siku, na kazi zote za kila siku wanazifanya wao wenyewe: kugawa chakula, kuosha vyombo, kudeki, kusafisha vyoo, kupokea wageni. Nyuma yao kuna kikundi cha vijana wa kujitolea wanaobaki wiki kadhaa au miezi, ambao ndio wanaopanga zamu na kuziongoza. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa mmoja wa hao.

Wengi wakisikia habari za Taizé huuliza kwanza viza, kisha nyimbo. Kazi hawaiulizi. Mimi naona ndiyo ingepaswa kuulizwa kwanza, kwa sababu utakuwa umesimama jikoni na kwenye mabeseni kwa saa nyingi kuliko utakavyokaa kanisani, na anayekwenda akitarajia mafungo ya kimya ya wiki nane hukata tamaa kabla Julai haijaisha. Anayekwenda akiwa tayari kufanya kazi, sala nayo humfungukia.

Ujue kwanza ni mahali gani

Roger Schutz, Mswisi, mtoto wa mchungaji, alifika Taizé Agosti 1940 akiwa na umri wa miaka 25. Ufaransa ilikuwa imekwisha kushindwa vitani. Alinunua nyumba kijijini hapo akawa anawahifadhi wakimbizi, Wayahudi wakiwemo. Pasaka ya 1949 mabruda saba wa kwanza waliahidi kuishi pamoja maisha yao yote, bila kuoa na bila mali ya binafsi. Leo mabruda wanatoka nchi karibu 30, baadhi Wakatoliki, wengine wa makanisa ya Kiprotestanti. Kanisa kubwa la Upatanisho lilijengwa na vijana wa Kijerumani na kufunguliwa 1962, Wajerumani wakijenga nyumba ya sala katika ardhi ya Ufaransa miaka 17 tu baada ya vita. Bruda Roger aliuawa tarehe 16 Agosti 2005, akiwa na miaka 90, katikati ya sala ya jioni, kanisa likiwa limejaa vijana. Baada yake aliongoza Bruda Alois, na tangu Desemba 2023 anaongoza Bruda Matthew, Mwingereza wa Kanisa la Anglikana.

Kwetu mahali hapa si pageni kabisa. Mwaka 1978 Bruda Roger aliishi kwa muda Mathare, Nairobi. Novemba 2008 jumuiya iliandaa mkutano wa vijana Nairobi, na Novemba 2012 ukafanyika mwingine Kigali. Katika mikutano hiyo wageni walilala majumbani mwa waumini wa kawaida. Kama uko katika miji hiyo, uliza parokiani au usharikani kwenu: wapo watu waliowapokea wageni hao au waliokaa kwenye kamati za maandalizi, na neno lao kwenye barua yako litakuwa na uzito kuliko mhuri wa ofisi.

Jambo moja la kulielewa vizuri kabla ya yote: mabruda hawapokei misaada wala zawadi kwa ajili yao. Wanaishi kwa kazi zao, hasa ufinyanzi na uchapishaji wa vitabu. Hata urithi bruda anaoupata kwa wazazi wake jumuiya haiuweki. Mikutano ya vijana inaendeshwa kwa mchango wa kila mgeni, unaopimwa kwa uwezo wa nchi anayotoka, na kwa mikono ya wageni wenyewe. Ndiyo maana kazi yako haitakuwa pambo. Zamu ya kuosha ikikosa watu, mchana huo watu hawana bakuli safi za kulia.

Hatua ya kwanza: pima umri, muda na nia

Wa kujitolea ni vijana waliotimiza miaka 18, na wengi wao wako katika miaka ya ishirini. Familia na watu wa umri mkubwa hupokelewa pia kama wageni, kwa mpangilio wao.

Muda ni wiki kadhaa mfululizo. Ukiishi Ulaya, iwe unasoma Münster au unafanya kazi Rotterdam, nenda kwanza kwa wiki moja kama mgeni wa kawaida, wakati wa Pasaka au majira ya machipuko, ndipo uombe kubaki kiangazi. Ndiyo njia iliyozoeleka, na inakusaidia wewe mwenyewe kujua kama maisha yale yanakufaa. Anayetoka Afrika Mashariki hawezi kukata tiketi ya ndege ili kuonja. Kwake mazungumzo kwa barua ndiyo yanayoshika nafasi ya ile wiki ya kwanza, kwa hiyo yanachukua muda mrefu zaidi.

Kuhusu nia niseme wazi. Hakuna mshahara. Unapata mahali pa kulala na chakula, basi. Viza utakayopewa hairuhusu kuajiriwa na si mlango wa kubaki Ulaya. Akitokea mtu mtaani kwako anayeuza "nafasi za kazi ya kanisa Ufaransa" kwa laki kadhaa, huyo ni tapeli. Jumuiya haina mawakala, na barua za mwaliko haziuzwi. Ukitaka kuandika, unaandika moja kwa moja kupitia tovuti yao.

Hatua ya pili: barua

Anza Novemba au Desemba ya mwaka unaotangulia. Usisubiri Machi, kwa sababu majibu yanakwenda na kurudi zaidi ya mara moja, na nyuma yake kuna viza.

Andika kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa maneno yako. Nimeona barua za vijana wetu zilizojaa misemo mizito ya kiroho iliyonakiliwa mahali fulani, ambazo mtu akizimaliza bado hajui mwandishi anaamka saa ngapi wala anafanya kazi gani. Mabruda na masista wanaosoma barua hizo wanataka kujua watakaa na nani. Waambie una umri gani, unasali wapi na unafanya nini pale: unaimba kwaya, unafundisha shule ya Jumapili, unapika kwenye kambi za vijana. Waambie unasoma au unafanya kazi gani, na utarudi kwenye nini baada ya kiangazi. Taja lugha unazozungumza na kiwango chake cha kweli. Kama una pumu, kisukari, kifafa au unatumia dawa kila siku, sema. Halikunyimi nafasi peke yake, lakini ukilificha litakuja kujitokeza katikati ya zamu.

Mfano wa aya ya kwanza, ukiutafsiri utoke namna yako: "Naitwa fulani, nina miaka 23, ninasoma ualimu mwaka wa pili Morogoro. Parokiani kwetu ninaongoza kikundi cha vijana 30, na mwaka jana tulipika kwa siku tano kwenye kongamano la jimbo. Ninaomba kujitolea kuanzia Juni 28 hadi Agosti 30. Masomo yangu yanaendelea Oktoba."

Ambatanisha barua ya padre, mchungaji au mlezi wa vijana anayekufahamu kweli. Mwombe aandike jambo moja alilokuona ukilifanya. "Ni muumini mwaminifu na mwenye nidhamu" ni sentensi inayoandikwa kwa kila mtu. "Ndiye aliyebaki akiosha masufuria baada ya wengine kupanda basi" inamwonyesha mtu.

Hatua ya tatu: viza, bila haraka na bila uongo

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kwa kuwa utakaa Ufaransa, maombi yanapelekwa kwa Ufaransa, hata kama ndege yako itatua Geneva au Brussels. Viza ya muda mfupi hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Maombi yanaruhusiwa kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Lakini hizo siku 15 zisikudanganye. Mei na Juni miadi huwa imejaa kwa ajili ya watalii na wanafunzi, kwa hiyo tafuta miadi mara tu barua ya mwaliko ikifika. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, juu yake kuna gharama ya kituo kinachopokea maombi, na viza ikikataliwa hairudi.

Unaloulizwa kwenye dirisha, hata pale lisipotamkwa, ni moja: je, utarudi? Kila karatasi iwe inajibu hilo. Kama ni mwanafunzi, leta barua ya chuo inayotaja tarehe ya kufungua. Kama umeajiriwa, leta ruhusa ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Kama unajitegemea, leta leseni ya biashara, na mkataba wa pango kama upo. Taarifa ya akaunti ya benki iwe ya miezi mitatu au zaidi. Pesa nyingi zilizoingia wiki moja kabla ya miadi huonekana kuwa za kuazima, na mara nyingi ndivyo zilivyo. Kama anayelipa nauli ni parokia, mjomba au dayosisi, aandike barua aseme hivyo na aambatanishe taarifa ya akaunti yake. Hakuna aibu kufadhiliwa.

Barua ya mwaliko itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe zote mbili, na kwamba malazi na chakula vipo. Soma kila herufi. Jina la baba lililoandikwa Mohamed mahali pamoja na Muhammad mahali pengine limewahi kuchelewesha watu.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na inabaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Bima ya safari ifike angalau yuro 30,000 na ihusishe matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Tiketi ya ndege usiilipie kabla ya viza. Nafasi iliyohifadhiwa inatosha.

Kwenye mahojiano jibu ukweli na kwa ufupi. Ukiulizwa utafanya nini, usiseme "utalii" kwa sababu mtu fulani amekuambia ni neno jepesi. Sema unakwenda kujitolea kwenye jumuiya ya Taizé, eleza kazi, onyesha barua.

Walioko Ulaya tayari: mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, tuseme Ujerumani, Uholanzi au Sweden, anaingia Ufaransa bila viza nyingine, kwa ile ile hesabu ya siku 90. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen, maana kibali cha Uingereza hakimfikishi huko.

Hatua ya nne: njia

Kutoka Paris panda treni ya kasi katika stesheni ya Gare de Lyon hadi Mâcon-Loché, safari ya kama saa moja na nusu hadi mbili. Angalia jina vizuri, kwa sababu kuna Mâcon-Loché iliyo nje ya mji na Mâcon-Ville iliyo mjini. Hapo unapanda basi la mkoa linalopita Cluny na kukushusha Taizé penyewe. Wengine huja kwa upande wa kaskazini, kupitia Chalon-sur-Saône. Jumapili mabasi ni machache, kwa hiyo soma ratiba ya siku hiyo hasa, usiisome ya Jumatatu. Ukikosa basi la mwisho ukiwa Cluny umebakiwa na kilomita kama 10, na kuzitembea usiku ukiwa na begi siyo jambo la kumshauri mtu.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili kwa kompyuta picha ya uso ya kila anayeingia kwa viza fupi, na kompyuta inahesabu siku zako yenyewe. Shika mkononi, sio ndani ya begi la mizigo, barua ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi.

Hatua ya tano: begi

Julai ukiondoka Njombe au Limuru unakimbia baridi, ukafikiri huko utakuta joto tupu. Mchana ndiyo, linaweza kupita nyuzi 30. Lakini usiku kilimani hupoa, na mvua ya radi hushuka ghafla. Beba sweta moja zito na koti la mvua. Beba viatu vilivyofungwa visivyoteleza, kwa ajili ya jikoni, na ndala za bafuni. Mfuko wa kulalia, tochi ndogo, taulo, kofia, dawa zako pamoja na cheti cha daktari, adapta ya umeme ya Ulaya. Nguo za kazi zisizokuuma zikimwagikiwa na mchuzi. Kanga mbili hazina uzito na utazitumia kwa kila kitu, kuanzia shuka hadi pazia. Nguo nzuri moja ya Jumapili inatosha.

Usibebe vyakula vya miezi miwili. Pilipili ya unga, hapo sawa. Utaishukuru.

Wiki ya kwanza

Utapokelewa kwenye jengo la mapokezi lililo karibu na kengele kubwa za langoni. Vijana wa kiume husindikizwa na bruda mmoja, wa kike na sista, wengi wao wa shirika la Mtakatifu Andrea walio na nyumba kijiji jirani cha Ameugny. Mtu huyo ndiye wako: utakutana naye mara kwa mara, kuzungumza kazi inavyokwenda na moyo unavyokwenda. Mtumie. Vijana wetu wamefundishwa kumjibu mkubwa "salama tu, Bruda" hata pale mambo si salama, na yeye hawezi kusoma lisilosemwa.

Siku inaendeshwa na kengele. Sala ya asubuhi saa mbili na robo, kisha chai. Sala ya mchana saa sita na dakika ishirini, kisha chakula. Chai ya jioni saa kumi na moja na robo, chakula cha usiku saa moja, sala ya usiku saa mbili na nusu. Kiangazi jua huchelewa sana kuzama, kwa hiyo mwanzoni sala hiyo ya "usiku" utaingia kukiwa mchana kweupe. Kengele ikilia, hata kibanda cha vinywaji kinafungwa.

Chakula ni kidogo kwa mazoea yetu na ni chepesi. Asubuhi mkate, siagi, vijiti viwili vya chokoleti, na kinywaji cha moto ndani ya bakuli lisilo na mkono. Mchana na usiku dengu, viazi vilivyopondwa, tambi au kuskusi, mkate tena, tunda. Vyote unakula kwa kijiko kimoja, hakuna uma wala kisu. Siku za kwanza njaa ya saa tano usiku ni ya kweli. Uliza mapema kuhusu kuongezwa, kwa sababu baada ya kugawa mara nyingi kunabaki.

Kazi zenyewe

Utapangiwa eneo, na linaweza kubadilika kila wiki. Utakuwa ukifanya kazi kwa mikono yako na wakati huo huo ukiongoza kikosi cha wageni, mara nyingi watoto wa miaka 15 hadi 18 kutoka Ujerumani, Uholanzi, Sweden au Ureno, ambao juzi ndiyo kwanza wamefika.

Kugawa chakula kunaonekana rahisi. Masufuria ni makubwa kama ya shughuli ya harusi, foleni ni ndefu, na kila mtu kwenye meza ana kitu kimoja tu: huyu sinia, huyu kijiko, huyu upawa wa dengu, huyu mkate, huyu tunda. Siri iko kwenye upawa. Anayeushika akijaza sana kwa huruma, watu 200 wa mwisho wanakosa. Akibana sana, chakula kinarudi jikoni wakati watu wana njaa. Gawa sahani tano za kwanza wewe mwenyewe, kikosi kikitazama, kisha mpe kijana upawa na usimame nyuma yake mpaka mkono wake uzoee kipimo. Mkabidhi upawa mtu mtulivu. Anayependa kusalimiana mweke kwenye mkate.

Kuosha vyombo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Mabeseni yamepangwa kwa mstari: la kwanza la kutoa mabaki, linalofuata lina maji ya moto na sabuni, kisha ya kusuuzia. Bakuli zinakuja kwa mamia, zote za plastiki, na maji yanaruka mpaka magotini. Ukipanga watu wanane kwenye sabuni na wawili kwenye kusuuza, ndani ya dakika kumi kuna mlima wa povu upande mmoja na watu waliokunja mikono upande mwingine. Panga nusu kwa nusu, na mweke mtu mmoja ambaye kazi yake ni kubadilisha maji tu. Maji yaliyopoa hayatoi mafuta. Watu wataanza kuimba bila kuambiwa, na ukianzisha wimbo wa Kiswahili wenye kiitikio kifupi, kufikia beseni la tatu wote wanaitikia. Waache waimbe, ila macho yako yabaki kwenye bakuli.

Vyoo na mabafu: glavu kila wakati, dawa moja tu kwa wakati mmoja. Usichanganye dawa zenye klorini na za aina nyingine, hewa yake inaumiza mapafu. Anza juu umalizie sakafu, anza ndani umalizie mlangoni. Vijana wengine watakuwa hawajawahi kushika dekio maishani mwao, na si kwa kiburi. Waonyeshe kama unavyomwonyesha mdogo wako nyumbani. Na usikubali kikosi kizima kikuachie wewe choo kwa kudhani mtu kutoka Afrika amezoea. Hilo hutokea, mara nyingi bila ubaya. Gawa zamu kwa sauti, jina kwa jina, nawe ukiwamo kama wengine.

Mapokezi yanahitaji lugha na subira. Jumapili watu wanafika kwa mabasi makubwa, wamesafiri usiku kucha, wanataka choo na kitanda, na wewe unatakiwa kuwaeleza sala, kazi, mahali pa kulala na mchango kwa dakika chache. Sema sentensi fupi, onyesha kwenye ramani. Mapokezi ya usiku ni ya wachache na hupewa waliokwisha kuzoea: kutembea kambini na tochi, kuwaomba watu washushe sauti, kumpeleka mgonjwa kwenye zahanati ya pale. Usiende peke yako kumtuliza mtu aliyelewa au mwenye hasira. Ita mwenzako.

Sala, ukiwa umechoka

Kanisani watu hukaa sakafuni, mabruda katikati kwa kanzu nyeupe. Nyimbo ni fupi, hurudiwa mara nyingi, kwa lugha nyingi. Somo ni fupi. Katikati kuna kimya cha dakika kadhaa, na hakuna mahubiri. Kwa aliyelelewa kwenye ibada zetu, zenye ngoma, vigelegele na mahubiri ya saa nzima, kimya hicho mwanzoni kinaweza kumlemea. Usijilazimishe kuhisi kitu. Kaa. Ukisinzia baada ya zamu ya asubuhi, umesinzia.

Ijumaa usiku msalaba hulazwa sakafuni, na watu huja mmoja mmoja kuegemeza paji la uso juu yake na kusali, foleni ikiendelea mpaka usiku sana. Jumamosi kila mtu hushika mshumaa. Kila usiku baada ya sala mabruda kadhaa hubaki kanisani kumsikiliza anayetaka kuzungumza. Kama wa kujitolea utajaribiwa kukosa sala kwa sababu kazi haijaisha. Kazi ikikufanya ukose sala siku nyingi mfululizo, mwambie bruda au sista wako. Hapo zamu imepangwa vibaya.

Kuishi na watu

Utalala chumba kimoja na watu wa nchi tatu au nne. Mjerumani akikuambia moja kwa moja kwamba umechelewa, hajakutukana. Mpolandi asiyekusalimia asubuhi hajakununia. Nawe waeleze kwamba kwenu mtu hupita kwanza kwenye salamu kabla ya shida. Wengi hulipenda wakilielewa.

Simu za nyumbani ziwe na siku na saa. Mama akizoea kupigiwa kila jioni, siku moja ya ukimya inakuwa msiba. Wiki ya tatu ndiyo hutesa: upya umekwisha, uchovu umekaa, nyumbani bado mbali. Nenda Chemchemi ya Mtakatifu Stefano, bustani yenye maji bondeni inayotunzwa kwa ajili ya kimya, ukae mchana mzima kama una nafasi. Lala mapema siku mbili. Ndipo uamue kama kweli unataka kurudi.

Jambo zito. Mwaka 2019 jumuiya yenyewe ilitangaza hadharani kwamba baadhi ya mabruda waliwahi kuwadhulumu vijana kingono miongo kadhaa iliyopita, na ikapeleka taarifa kwa vyombo vya sheria. Pana watu waliowekwa kupokea malalamiko ya namna hiyo. Siku ya kwanza uliza ni akina nani na unawapataje, na uwafahamishe vijana unaowaongoza. Wewe nawe utakuwa na watoto wa miaka 15 chini yako: usikae na mmoja wao peke yenu chumbani, usichukue namba zao za simu kwa siri, na mtoto akikuambia jambo la kudhulumiwa usimwahidi kulificha. Mpeleke kwa anayehusika siku hiyo hiyo.

Kurudi

Panga kuondoka siku tatu au nne kabla viza haijaisha, maana treni hugoma na ndege huchelewa. Kukaa zaidi hata siku moja kunaandikwa, na anayeumia baadaye ni pamoja na kijana wa parokia yenu atakayeomba mwaka unaofuata. Tunza tiketi, vipande vya kupandia ndege na nakala ya viza, kwa kuwa maombi yako yajayo yataanzia hapo. Kabla ya kuondoka mkabidhi anayekufuata eneo lako kwa kuzunguka naye zamu nzima, ukimwonyesha ufunguo uko wapi, dawa ipi imekwisha, na bomba lipi linavuja. Ukifika nyumbani andika barua mbili ndani ya mwezi: moja kwa bruda au sista aliyekuwa nawe, nyingine kwa padre au mchungaji aliyekudhamini, ukimweleza ulifanya kazi gani. Atahitaji maneno hayo atakapomwandikia barua kijana mwingine.